Mamlaka ndogo zikiunganishwa, fedha inaokolewa wapi?

Ingia duka lolote la pembejeo hapa Arusha, liwe la jirani na soko la Kilombero au la Tengeru, kisha utazame ukuta ulio nyuma ya muuzaji. Kabla hujaona bei ya mbegu utaona vyeti. Leseni ya biashara ya halmashauri ipo na cheti cha mlipakodi kipo, lakini hivyo kila mfanyabiashara anavyo. Duka la pembejeo lina vingine vitatu vya kwake. Cha mbegu kinatoka TOSCI, taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu, yenye makao makuu Morogoro. Cha mbolea kinatoka TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Cha dawa za wadudu na magugu kinatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iliyopo hapa hapa Ngaramtoni. Mkulima anayekuja dukani ni mmoja, na vitu hivyo vitatu atavitumia kwenye mstari mmoja wa mahindi. Taasisi zote tatu ziko chini ya Wizara moja ya Kilimo. Hata hivyo kila moja ina sheria yake, maombi yake, ada yake na mkaguzi wake.

Kwa hali kama hiyo, si ajabu wazo la kuunganisha taasisi za Serikali linapata wafuasi haraka. Agosti 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua hapa Arusha, katika ukumbi wa AICC, kikao kazi cha wenyeviti wa bodi na watendaji wakuu wa taasisi za umma. Taasisi na kampuni zinazoangaliwa na Msajili wa Hazina, ukijumlisha zile ambazo Serikali ina hisa tu, zinakaribia 300 au kuzidi kidogo, kutegemea mwaka unaohesabu. Desemba ya mwaka huo huo Profesa Kitila Mkumbo, Waziri wa Nchi anayeshughulikia Mipango na Uwekezaji, akatangaza kwamba taasisi 16 zitaunganishwa na nne zitafutwa. Sababu zilizotolewa ni zile zinazotolewa kila nchi inapofika hapo: kupunguza gharama, kuondoa majukumu yanayoingiliana, kuongeza ufanisi.

Naziunga mkono sababu hizo. Kinachonisumbua ni kwamba neno "gharama" linatamkwa kama vile ni fungu moja lililowekwa mahali pamoja. Gharama za taasisi ya udhibiti ni za aina kadhaa, zinalipwa na mifuko tofauti, na kuunganisha kunagusa baadhi tu. Tusipozitenganisha, tunaweza kubadilisha mabango ya ofisi nusu ya nchi na mama wa duka la pembejeo akabaki analipa kile kile alichokuwa analipa.

Gharama inakaa wapi

Anza na zile zinazoitwa gharama za kuendesha ofisi. Kila taasisi iliyoundwa kwa sheria ina bodi ya wakurugenzi, na bodi hiyo ina vikao, posho, safari na hoteli. Ina mtendaji mkuu na wakurugenzi chini yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma inaitaka iwe na bodi ya zabuni na kitengo cha ununuzi. Inahitaji mkaguzi wa ndani, wahasibu, mwanasheria, watu wa TEHAMA, afisa uhusiano, madereva. Inaandaa hesabu zake, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anazikagua peke yake. Hayo yote hayajali ukubwa. Taasisi yenye watumishi 40 inayahitaji, na yenye watumishi 400 inayahitaji. Kwa hiyo kadiri taasisi ilivyo ndogo, ndivyo sehemu kubwa ya mapato yake inavyoishia kwenye kujiendesha yenyewe badala ya kazi iliyoundiwa. Hapa kuunganisha kunaokoa kweli: bodi moja mahali pa tatu, kitengo kimoja cha ununuzi, mfumo mmoja wa mishahara, jengo moja la kanda.

Gharama za aina ya pili ni za kazi yenyewe, yaani wakaguzi na maabara. Kupima kama mbegu itaota ni kazi moja. Kupima kama mfuko wa mbolea una kiasi cha nitrojeni kilichoandikwa juu yake ni kazi nyingine, yenye mashine nyingine na mtaalamu aliyesomea kitu kingine. Kupima mabaki ya sumu kwenye nyanya ni ya tatu. Nembo ikibadilika, fundi wa uotaji wa mbegu hageuki kuwa mkemia wa mbolea. Fungu hili likipungua baada ya kuunganisha, maana yake sampuli zinazopimwa zimepungua, na mwaka unaofuata mkulima wa Karatu ananunua mbegu feki kwa bei ya mbegu halisi. Hiyo siwezi kuiita akiba.

Aina ya tatu ndiyo inayosahaulika sana: nani anailipa taasisi yenyewe. Mamlaka nyingi za udhibiti haziishi kwa ruzuku ya Hazina pekee. Zinaishi kwa ada za leseni, tozo za ukaguzi, ada za usajili wa bidhaa na faini. Baadhi zinajitegemea kabisa, na juu ya hapo taasisi za umma zinatakiwa kuchangia asilimia 15 ya mapato ghafi kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali. Sasa fikiria mamlaka mbili zinazojilipia zikiunganishwa na kuokoa bodi moja na magari kumi. Fedha hiyo haikuwa ya Hazina tangu mwanzo. Ilitoka kwa wenye maduka, viwanda na mabasi. Itawarudia wao endapo tu ada zitashushwa. Zisiposhushwa, taasisi mpya inakuwa na ziada kubwa kuliko zile mbili za zamani, na Serikali, kwa kuwa mgao wake unahesabiwa kutoka kwenye mapato ghafi, haina haraka ya kuona ada hizo zikishuka. Simlaumu mtu kwa hilo. Ndivyo mpango ulivyosukwa, na anayeutetea muungano kwa jina la mwananchi anapaswa kulisema wazi.

Kwa upande wa Hazina yenyewe, tuwe wakweli kuhusu ukubwa. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49, na sehemu kubwa inakwenda kwenye madeni, mishahara na miradi. Posho za bodi ya taasisi ndogo ndani ya namba hiyo hazionekani hata ukizitafuta. Kama lengo pekee ni kuipunguzia Hazina mzigo, kazi ya kuunganisha ni kubwa kuliko mavuno yake. Faida kubwa ipo kwingine, kwenye siku ambazo mfanyabiashara anapoteza akifuatilia vibali. Fungu hilo haliandikwi kwenye kitabu chochote cha bajeti, kwa sababu analilipa mtu binafsi kwa kufunga duka na kupanda gari.

Halafu ipo gharama ya kuunganisha kwenyewe, na hii hulipwa kwanza, kabla shilingi moja haijaokolewa. Uingereza iliwahi kuihesabu. Mwaka 2010 ofisi yao ya ukaguzi wa hesabu za serikali ilitazama mabadiliko ya muundo wa serikali yaliyofanyika kati ya 2005 na 2009. Yalikuwa zaidi ya 90. Kwa yale waliyoyapima, wastani wa gharama ulikuwa karibu pauni milioni 15 kwa badiliko moja, na wakaguzi walikuta kwamba wizara nyingi hazikuwa zimeweka njia ya kupima faida zilizoahidi. Walitumia fedha kuunganisha na kutenganisha, kisha hawakuweza kuonyesha walichopata.

Kwetu gharama hiyo ina sura inayofahamika na kila mtumishi wa umma. Taasisi mbili zina viwango tofauti vya mishahara. Zikiunganishwa, anayelipwa zaidi hashushwi. Anabaki na mshahara binafsi hadi muundo mpya umfikie, na yule wa kiwango cha chini ana haki ya kuuliza kwa nini wanakaa meza moja wakifanya kazi moja kwa malipo tofauti. Mara nyingi viwango hupanda kuelekea juu. Ongeza posho za uhamisho, mifumo ya kompyuta isiyozungumza lugha moja, mikataba na kesi zinazopaswa kurithiwa, na maelfu ya leseni zenye jina la taasisi ambayo haipo tena.

Yaliyotokea Ngaramtoni

Ukitoka mjini kwa barabara ya Namanga, kabla hujayaacha mashamba ya Ngaramtoni, unapita taasisi ambayo wenyeji wengi bado wanaiita TPRI. Hiyo ni taasisi ya utafiti wa viuatilifu vya ukanda wa joto, iliyorithiwa kutoka enzi za taasisi za pamoja za Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaitungia sheria yake mwaka 1979. Kwa miaka arobaini TPRI ilifanya mambo mawili ambayo hayakai vizuri chini ya paa moja: ilitafiti dawa za mashambani na papo hapo ilikuwa ndiyo inayosajili dawa hizo na kutoa vibali kwa wauzaji. Wakati huo huo ukaguzi wa afya ya mimea, yaani karantini mipakani na vyeti vya usafi wa mimea kwa mazao yanayokwenda nje, ulikuwa mikononi mwa kitengo cha Wizara ya Kilimo.

Kwa mtu anayelima maua au maharage machanga ya kusafirisha kule Usa River, mgawanyo huo ulimaanisha kwamba swali moja la mnunuzi wa Ulaya lilikuwa na majibu katika ofisi mbili. Mnunuzi anataka kujua mzigo hauna wadudu wa karantini na hauna mabaki ya sumu kupita kiwango. La kwanza liliulizwa kwa wizara. La pili liliulizwa kwa TPRI.

Sheria ya Afya ya Mimea, Namba 4 ya mwaka 2020, ikaviunganisha. TPRI na kitengo kile cha wizara vikawa TPHPA, makao makuu yakabaki Ngaramtoni. Leo mamlaka hiyo inasajili viuatilifu, inakagua mimea mipakani kama Namanga na Holili, inatoa vyeti vya usafi wa mimea, inatunza benki ya nasaba za mimea, na ndiyo inayopeleka ndege kunyunyizia dawa kweleakwelea wanapovamia mpunga na mtama.

Naitaja kwa kirefu kwa sababu naiona kama muungano uliofanywa kwa mpangilio unaofaa. Kwanza walitazama kazi: nani anasimama kati ya mdudu, sumu na shamba? Kisha wakaandika sheria mpya moja iliyobeba kazi hiyo yote. Taasisi ikaja mwisho, kama chombo cha kuitekeleza sheria. Makao hayakuhamishwa kwenda kwenye jiji lenye majengo makubwa zaidi. Yalibaki palipokuwa na maabara na watu wanaozijua. Bado napenda kuona utafiti na usajili vinatenganishwa kwa ukuta mnene zaidi ndani ya mamlaka hiyo, kwa sababu anayepima dawa hapaswi kuwa na maslahi katika kuipitisha. Sheria moja haiondoi jambo hilo yenyewe.

Na tazama kitu ambacho muungano huo haukugusa. Mbegu zina sheria yao ya mwaka 2003, mbolea ina yake ya mwaka 2009. Ndiyo maana vyeti kwenye ukuta wa duka bado ni vitatu.

Mengine tuliyokwisha kuyajaribu

Watu wanazungumza kama kwamba Tanzania inaanza jambo hili sasa. Tumelifanya mara nyingi, kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2003 tume ya mawasiliano na tume ya utangazaji ziliunganishwa zikawa TCRA. Sababu ilikuwa na mashiko: simu, redio na intaneti zilikuwa zinaanza kupita kwenye mitambo ile ile, na wadhibiti wawili wa masafa yale yale wangegombana kila wiki. EWURA ilijengwa tangu mwanzo ikiwa na umeme, mafuta, gesi na maji ndani ya nyumba moja, ikaanza kazi mwaka 2006.

SUMATRA ilikwenda njia nyingine. Ilikuwa inadhibiti daladala, mabasi, reli na meli kwa pamoja. Usafiri wa majini ukaondolewa na kuwekwa chini ya TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na sheria ya 2019 ikaunda LATRA kwa usafiri wa ardhini. Serikali iliona kwamba meli na basi vimekaa pamoja bila kusaidiana, ikatenganisha. Hilo nalo lilikuwa na hoja yake.

Mfano ambao wenye viwanda vidogo vya Arusha na Moshi wanaukumbuka zaidi ni wa chakula. Kabla ya Julai 2019, mtu aliyesindika maziwa, asali au siagi ya karanga alikuwa na TFDA kwa usalama wa chakula na TBS kwa ubora wa bidhaa hiyo hiyo. Kila upande ulikuwa na ukaguzi, sampuli na malipo yake. Mpango wa kuboresha mfumo wa udhibiti wa biashara uliopitishwa mwaka 2018, unaojulikana kama MKUMBI, uliutaja mwingiliano wa aina hiyo, na Sheria ya Fedha ya 2019 ikahamishia chakula na vipodozi TBS. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikawa TMDA. Hakuna taasisi iliyofutwa, moja ilibadilishwa jina tu, lakini kwa msindikaji mdogo mlango mmoja ulifungwa kabisa. Kazi ilihamishwa, taasisi zikabaki mbili, na nafuu ikamfikia mtu. Huo ndio ushahidi ninaoushika zaidi kwamba idadi ya taasisi si kipimo kizuri.

Kuna na somo la mifuko ya pensheni, ingawa si la udhibiti. Agosti 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF. Ofisi ziliunganika, lakini kila mfuko ulikuwa na namna yake ya kukokotoa mafao. Wanachama wa baadhi walizoea kupokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo, wengine robo. Kanuni moja kwa wote ilipotangazwa, robo ikiwa ndiyo kipimo, walimu na watumishi waliokaribia kustaafu walipaza sauti, na Desemba 2018 Rais Magufuli akaisitisha. Mjadala wa kikokotoo uliendelea miaka mingi baadaye. Kuhamisha meza kulichukua miezi. Kusawazisha kanuni kulichukua miaka, na kuliumiza watu waliokuwa wamepanga uzee wao juu ya ahadi ya zamani.

Na kahawa?

Moshi ndiyo inayonipa wasiwasi wa karibu. Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao yake pale, Kahawa House, na mnada wa kahawa wa Moshi ndio umefundisha vizazi vya Wachagga maana ya daraja la AA na bei ya dunia. Mji huu ulikuwa na umoja wa wakulima wa kahawa tangu 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao, tangu 1933. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Lyamungu, mwendo mfupi kutoka mjini. Ukiitazama bodi kwa jicho la mhasibu wa Dodoma, ni chombo kidogo cha zao moja, kimoja kati ya bodi kadhaa za mazao, kila moja ikiwa na mwenyekiti wake, mkurugenzi wake na magari yake. Hoja ya kuziweka bodi zote za mazao chini ya mamlaka moja inajiandika yenyewe.

Majirani zetu wameshapita njia hiyo, na inafaa tuwatazame vizuri.

Kenya ilianza mwaka 2014. Bodi za kahawa, chai, sukari, pamba, mkonge, pareto na nyinginezo ziliwekwa ndani ya mamlaka moja ya kilimo na chakula, kila zao likawa kurugenzi. Wakulima wa chai wakalalamika kwamba zao lao limepotea ndani ya ofisi kubwa, na Sheria ya Chai ya mwaka 2020 ikairudisha Bodi ya Chai. Mwaka 2024 ikaja Sheria ya Sukari, ikairudisha Bodi ya Sukari. Kwa hiyo nchi ile imelipa mara mbili: mara ya kwanza kuunganisha, mara ya pili kufumua. Hilo halijawazuia kujaribu tena. Januari 2025 baraza lao la mawaziri liliidhinisha kuunganisha mashirika 42 ya umma yabaki 20.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mamlaka yao ya maendeleo ya kahawa, UCDA, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizolengwa katika mpango wa kupunguza mashirika ulioamuliwa na baraza la mawaziri mwaka 2018. Novemba 2024 Bunge lilipitisha kuirudisha ndani ya Wizara ya Kilimo, baada ya kikao kilichofika mahali wabunge wakapigana ndani ya ukumbi. Watu hawapigani kwa sababu ya muundo wa ofisi. Waganda wa mikoa ya kahawa waliona chombo kilichosimamia ubora wa zao lao, na kilichokuwa kinasajili wakulima ili kahawa ikidhi sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu, kinaondolewa katikati ya kazi.

Kahawa ina tabia inayoufanya udhibiti wake uwe mgumu kuhamisha. Ubora wake haupimwi na mashine peke yake. Unapimwa na waonjaji, watu waliojenga ulimi wao kwa miaka mingi, wanaokunywa na kutema vikombe kadhaa kwa siku na kusema kahawa hii imechachishwa vizuri, ile imekaa unyevuni. Kauli yao inaingia kwenye bei. Wanapatikana Moshi kwa sababu kahawa, wanunuzi na maabara vipo Moshi. Ukiwageuza kuwa dawati ndani ya mamlaka kubwa ya mazao iliyo mbali, sitarajii wote wakubali kuhama, na anayeondoka hachukuliwi nafasi na mtu aliyetoka chuoni jana. Zaidi ya hapo kahawa ina msimu. Sampuli ikichelewa kuonjwa, mzigo unachelewa mnada, chama cha msingi kinachelewa kulipwa, na mkulima wa Kibosho anaenda kukopa ada ya shule kwa riba. Kucheleweshwa huko hakutaonekana kwenye ripoti ya akiba ya Serikali.

Simaanishi kwamba bodi ya kahawa isiguswe. Uhasibu wake, ununuzi wake, mifumo yake ya leseni, hata bodi ya wakurugenzi, vinaweza kushirikiwa na bodi nyingine za mazao bila kumhamisha mwonjaji hata mmoja. Hilo lingeokoa zile gharama za kuendesha ofisi na kuiacha kazi palepale inapofanyika. Vivyo hivyo kwa TEMDO na CAMARTEC, mashirika mawili ya Arusha yanayobuni mitambo na zana za kilimo, ambayo pamoja na TIRDO ya Dar es Salaam yako chini ya wizara moja ya viwanda. Swali la kuuliza pale ni karakana zipi zinafanana na zipi hazifanani. Anayebuni vifaa vya hospitali na anayejaribu matrekta wanaweza kugawana mhasibu. Kiwanja cha kujaribia hawawezi.

Mlango mmoja bila kuvunja nyumba

Ukitaka kuona namna ya kumpunguzia mtu usumbufu bila kuunganisha chochote, panda gari hadi Holili. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kilizinduliwa mwaka 2016. Forodha, uhamiaji, viwango na afya ya mimea wa nchi mbili wanafanya kazi ndani ya ukumbi mmoja. Hakuna aliyepoteza sheria yake wala bajeti yake. Mwenye lori la vitunguu anasimama mara moja mahali alipokuwa anasimama mara mbili.

Duka la pembejeo linaweza kupata Holili yake. Mkaguzi mmoja anaweza kuteuliwa na kufundishwa chini ya sheria zote tatu, akakagua mbegu, mbolea na viuatilifu kwa siku moja, akatuma sampuli tatu kwenye maabara tatu. Ada tatu zinaweza kuwa ankara moja kwenye mfumo wa GePG, ambao tayari unapokea malipo ya Serikali nchi nzima, kisha kompyuta ikagawa. Cheti kinaweza kuwa kimoja. Maabara zinabaki kwa wataalamu wake. Wizara ni moja, kwa hiyo hakuna mawaziri wawili wa kupatanisha.

Na kama tunataka muungano wa kweli wa taasisi, mimi ningeanza na mabaraza ya watumiaji huduma. Sheria za udhibiti ziliunda baraza la watumiaji kwa baadhi ya mamlaka: EWURA CCC kwa umeme, maji na mafuta, LATRA CCC kwa mabasi, TCRA CCC kwa simu na TCAA CCC kwa ndege. Yote yana kazi ile ile, kumtetea mteja mbele ya mdhibiti na mtoa huduma. Yote ni madogo. Mkazi wa Majengo, Moshi, mwenye ankara ya umeme asiyoielewa, nauli ya basi iliyozidishwa na bando lililokwisha bila kutumika, anatakiwa ajue majina ya mabaraza matatu, na wengi hawajui hata moja. Hapa hakuna maabara ya kuhamisha wala mwonjaji wa kupoteza. Baraza moja lenye ofisi inayojulikana kila mkoa lingekuwa na sauti kubwa kuliko manne yasiyosikika. Njia imeshafunguliwa pia: rufaa dhidi ya maamuzi ya mamlaka hizo zote zinakwenda kwenye Baraza moja la Ushindani, na hakuna anayelalamika kwamba linachanganya umeme na ndege.

Yote haya yanapita bungeni, kwa sababu taasisi iliyoundwa kwa sheria haifutwi kwa tangazo. Kituo cha uwekezaji, TIC, na mamlaka ya maeneo ya usindikaji kwa mauzo ya nje, EPZA, vilikuwa kwenye orodha ya Desemba 2023. Chombo kipya, TISEZA, kilianza kazi mwaka 2025, baada ya sheria yake kupita. Katikati hapo kamati za Bunge hualika maoni ya wadau, na vyama vya ushirika, wenye maduka na wasindikaji wa mikoa hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, wana haki ya kupeleka yao kwa maandishi.

Muswada wa kuunganisha taasisi utakapowafikia, mtasoma ndani yake nani anarithi majengo, madeni, kesi na watumishi. Hamtaona ada mtakazolipa. Jedwali la ada huwekwa kwenye kanuni, na kanuni hutungwa na waziri baada ya sheria kupita, wakati kamati imeshafunga kazi. Kwa hiyo ombeni jambo moja mapema: rasimu ya kanuni za ada iletwe mezani pamoja na muswada, ikionyesha safu ya ada za sasa na safu ya ada mpya, duka kwa duka, kiwanda kwa kiwanda.